Mpira, Jumapili na Televisheni ya Waingereza

Jumamosi saa tisa alasiri kwa saa za Uingereza, timu nyingi za ligi ya huko huingia uwanjani, lakini mtu wa Manchester aliyeketi sebuleni kwake hawezi kuziona moja kwa moja kwenye televisheni. Kuanzia saa nane na dakika 45 hadi saa kumi na moja na robo, kanuni za mpira za nchi hiyo hazimruhusu mtangazaji yeyote kuonyesha mechi mubashara. Wakati huohuo hapa Maguu ni saa kumi na mbili jioni, au saa kumi na moja katika miezi ambayo Waingereza wamesogeza saa zao mbele. Kijana aliyelipa kiingilio cha shilingi 500 katika kibanda umiza anaiona mechi ambayo Mwingereza mwenyewe haoni. Anatoka shambani kwenye ngolo, miguu ina matope, na anajua jina la beki wa akiba wa Fulham.

Ndugu msomaji ataniuliza habari hii inaingiaje katika kitabu cha imani. Inaingia kwa mlango wa Jumapili. Katika mtaa wetu wazee wa kanisa walileta hoja kwamba tuiombe serikali ya kijiji ifunge kibanda siku za Bwana. Sisi Walutheri hapa milimani ni wachache, Wakatoliki ndio wengi, na jambo kama hilo haliamuliwi na kanisa moja. Lakini hoja ilikuwa nzito na walioileta ni watu wanaofunga na kuomba. Wameona vijana wa kipaimara wakiondoka mazoezi ya kwaya kabla ya wimbo wa pili. Niliwaomba wanipe muda nitazame historia, kwa sababu Waingereza, ambao televisheni yao ndiyo inayotusumbua, waliwahi kuijaribu njia hiyohiyo. Walikuwa na uwezo mkubwa kuliko wetu, na waliijaribu kwa miaka mingi.

Watu wa nchi yetu wamekuwa wakienda Uingereza na kurudi na habari tangu zamani. Mwaka 1931 Watanganyika watatu walikwenda London kutoa maoni mbele ya kamati ya Bunge juu ya mpango wa kuunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Mmoja wao alikuwa Martin Kayamba, aliyesomeshwa na UMCA, misheni ileile ya Waanglikana iliyofika mwambao wetu wa Ziwa Nyasa na kuendesha meli ya Chauncy Maples tangu 1901. Kayamba aliandika kitabu, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza, kikachapishwa London mwaka 1932. Wakati yeye anatembea katika mitaa ya mji ule, televisheni ilikuwa jaribio tu, picha ndogo inayotetemeka, yenye mistari 30, na walioweza kuipata ni wachache sana. Alisafiri katika nchi ya redio na magazeti.

Mimi nilifika mwaka 2018, kwa miezi mitatu, kwa mpango wa kubadilishana kati ya makanisa. Nililala kwa bibi mmoja mjane katika mji mdogo wa kaskazini, na jioni, kwa kuwa baridi ilituzuia kutoka, tuliangalia televisheni. Nitasema yaliyonishangaza.

La kwanza ni leseni. Kila nyumba inayoangalia matangazo ya televisheni hulipia, na mwaka ule ada ilikuwa pauni 150 na senti 50. Bibi alilipa kama tunavyolipa ahadi ya bahasha, bila furaha lakini bila kukosa. Kwa ajili ya ada hiyo BBC haiweki matangazo ya biashara katikati ya vipindi vyake vya nyumbani. Unaangalia saa nzima na hakuna mtu anayekuuzia sabuni.

La pili ni mchungaji. Katika televisheni ya Waingereza mchungaji ana kazi mbili: kuchekesha, au kukamata wauaji. Kuna mchezo wa kuchekesha juu ya mwanamke aliye kasisi wa kijijini, ulioanza 1994, mwaka uleule Kanisa la Uingereza lilipowapa wanawake upadre kwa mara ya kwanza. Kuna Father Brown, padre anayefumbua mauaji kila juma. Kuna Grantchester, kasisi naye ni hivyohivyo. Nilimwuliza bibi kama kuna kipindi ambacho mchungaji anazika, anabatiza na kutembelea wagonjwa tu, bila maiti ya ajabu kuokotwa bustanini. Alicheka sana, lakini hakunitajia hata kimoja.

La tatu lilinigusa zaidi. Jumapili mchana alizima jiko, akakaa, akafungua kipindi kinachoitwa Songs of Praise, cha nyimbo za kanisa. Kilianza tarehe 1 Oktoba 1961 kutoka kanisa la Wabaptisti la Tabernacle, mjini Cardiff, na hakijakoma mpaka leo. Kanisa lililoonyeshwa lilijaa hadi kwenye roshani. Bibi aliimba sauti ya pili tangu mwanzo hadi mwisho, hana kitabu mkononi. Asubuhi ile kanisani kwake tulikuwa watu 19, pamoja na mimi mgeni. Nilimwuliza wale wa kwenye kioo wanatoka wapi. Akasema hukusanywa kutoka makanisa mengi ya mji ili benchi zisionekane tupu.

La nne ndilo lile la Jumamosi. Nilijua timu zinacheza, kwa hiyo nilifungua televisheni kwa hamu. Nikakuta wanaume wanne wamekaa studioni, kila mmoja anaangalia mechi kwenye skrini ambayo mimi siioni, na wanapiga kelele kunieleza wanachokiona. Nilidhani televisheni imeharibika. Mjukuu wa bibi akanieleza kanuni ile niliyoitaja mwanzo: ilianza miaka ya 1960, mwenyekiti wa klabu ya Burnley, Bob Lord, alipowashawishi wenzake kwamba mechi kubwa zikionyeshwa Jumamosi alasiri, watu hawatakwenda kwenye viwanja vya timu ndogo. Kwa hiyo wakajenga ua. Nikamwambia kijana yule kwamba kwetu milimani mechi hizo zinaonekana zote. Hakuniamini.

Neno hilo, ua, ndilo nililorudi nalo. Historia ya televisheni ya Waingereza kwa sehemu kubwa ni historia ya nyua zilizojengwa na nyua zilizoanguka, na nyingi kati ya hizo zilijengwa kwa ajili ya Kanisa.

Hata waliouanzisha utangazaji wenyewe walizaliwa nyumba ya mchungaji. John Logie Baird, aliyeonyesha televisheni yake London tarehe 26 Januari 1926, alikuwa mtoto wa mchungaji wa Uskoti. John Reith, aliyeiongoza BBC tangu kuanza kwake mwaka 1922 hadi 1938, naye alikuwa mtoto wa mchungaji wa Uskoti. Wote wawili walipita chuo kimoja cha ufundi cha Glasgow. Sisi wachungaji tunaopenda kulalamika juu ya vyombo vya habari tukumbuke vilitoka nyumba za nani.

Reith alikuwa mtu wa Jumapili kwelikweli. Alilelewa katika nyumba ambamo siku ya Bwana haikuchezewa, akataka nchi nzima ilelewe hivyo. Katika miaka yake, redio ya BBC haikutangaza Jumapili asubuhi, saa za ibada, na ilipofunguliwa baadaye mchana ilitoa mahubiri, ibada na muziki mzito. Hakuna dansi, hakuna vichekesho. Na BBC ilikuwa peke yake nchini, hakuna kituo kingine kilichoruhusiwa. Mtu angedhani kwa ua mrefu namna hiyo, Waingereza wote wangeketi kusikiliza mahubiri.

Walizungusha kitufe. Ng'ambo ya bahari, Ufaransa, palikuwa na Redio Normandy tangu 1931, na mwaka 1933 ikaanza Redio Luxembourg, zote mbili zikitangaza kwa Kiingereza nyimbo za dansi na biashara. Jumapili ndiyo siku vituo hivyo vilipopata wasikilizaji wengi kuliko siku zote, kwa sababu nyumbani hapakuwa na kingine. Ukali wa mtoto wa mchungaji ndio uliowajengea wafanyabiashara wa Luxembourg soko lao. Nimesoma habari hizi mara nyingi, na kila mara naona huruma kwa Reith, maana nia yake ilikuwa safi.

Televisheni ya BBC ilianza rasmi tarehe 2 Novemba 1936, ikasimamishwa vita ilipoanza mwaka 1939, ikarudi 1946. Iliyoitia katika nyumba za watu wa kawaida ni ibada. Tarehe 2 Juni 1953 Malkia Elizabeth alitawazwa katika kanisa la Westminster Abbey, na watu zaidi ya milioni 20 wa Uingereza waliangalia, wengi wao wakibanana sebuleni kwa jirani mwenye televisheni, kama sisi tulivyobanana baadaye. Wakuu wa nchi na wa Kanisa walikuwa wamekataa kwanza kamera zisiingie sehemu ya ndani ya kanisa. Wananchi walipopiga kelele, wakakubali, isipokuwa kwa jambo moja. Malkia alipopakwa mafuta alifunikwa kwa chandarua, na kamera hazikuonyesha. Mwaka 2023, Mfalme Charles alipotawazwa, alizungushiwa pazia, na televisheni haikuona pia. Ua huo mmoja umesimama miaka 70, nami nauheshimu. Haukumzuia mtu kwenda popote. Ulisema tu kwamba kuna jambo kati ya mtu na Mungu ambalo si la kutazamwa.

Nyua nyingine hazikudumu. Mwanzoni televisheni ilifungwa kila jioni kati ya saa kumi na mbili na saa moja ili wazazi wawalaze watoto, na ua huo ulivunjwa mwaka 1957, hasa kwa sababu televisheni ya biashara, iliyoanza Septemba 1955, ilikuwa inapoteza fedha katika saa hiyo. Siku ya Jumapili pakawekwa ua mwingine: kuanzia saa kumi na mbili na robo hadi saa moja na dakika 25 jioni, vituo vyote viwili vilitakiwa kuonyesha mambo ya dini tu, ili televisheni isishindane na ibada ya jioni. Ndani ya saa hiyo ndimo Songs of Praise ilimozaliwa.

Tazama jambo lenyewe lilivyokwenda. Ua ulijengwa ili watu waende kanisani jioni. Matokeo yake, waliotaka nyimbo walizipata nyumbani karibu na moto, na wasiozitaka walingoja saa ipite. Mwaka 1972 serikali iliondoa masharti juu ya saa za matangazo. Ibada za jioni hazikufa siku ile, zilikuwa zimeshaanza kupungua zamani, ua ukiwa bado umesimama.

Nasi tulikuwa na ua wetu. Mwalimu Nyerere alisoma Edinburgh kuanzia 1949, na alikuwa bado huko tarehe 14 Machi 1952 televisheni ilipofika Uskoti. Alirudi Tanganyika mwezi Oktoba mwaka huo. Kenya ilianza televisheni 1962, Uganda 1963. Zanzibar ilianza yake mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi. Tanzania Bara ikakaa bila kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994, ITV ilipoanza Dar es Salaam. Serikali iliona kwamba chombo hicho ni cha anasa, kitawafaa wachache wa mjini, na kwamba redio ndiyo inayomfikia mkulima. Kwa upande wa redio serikali haikukosea. Wazee wa Maguu waliijua dunia kwa Redio Tanzania na kwa Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza 1957. Walutheri tulikuwa na Sauti ya Injili, vipindi vilivyorekodiwa Moshi na kurushwa kutoka Addis Ababa, hadi serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilipokichukua kituo kile mwaka 1977.

Lakini ua ulivuja, kama ulivyovuja wa Reith. Kabla kioo cha televisheni hakijaruhusiwa Bara, vibanda vya video vilikuwa vimeshaingia mijini na baadaye vijijini, jenereta inanguruma nje, Rambo anapiga watu ndani. Mimi ni mmoja wa watoto wa vibanda hivyo. Kwa hiyo televisheni ya nchi yetu ilipokuja, ilikuta mahali pake pameshaandaliwa, benchi zipo na kiingilio kinajulikana. Ndipo yalipofuata madishi, na kwa madishi, ligi ya Uingereza. Siku hizi umeme wa REA umefika, jenereta zimenyamaza, na kibanda umiza ni nyumba ya bati yenye televisheni moja kubwa na vijana 60 wanaopumua hewa moja.

Sasa nieleze ile ligi yenyewe, maana hapa ndipo historia inapokuwa tamu, na vijana wa mtaa wetu hukaa kimya nikiwasimulia.

Timu nyingi wanazozishangilia zilizaliwa kanisani. Everton ilianza 1878 kama timu ya kanisa la Wamethodisti la St Domingo, Liverpool, na Liverpool yenyewe ilitokana na ugomvi ndani ya Everton mwaka 1892. Aston Villa ilianza 1874 na vijana wa kanisa la Kimethodisti la Villa Cross. Fulham ilianzishwa 1879 na watoto wa shule ya Jumapili ya kanisa la Mtakatifu Andrea. Southampton ilianza 1885 na vijana wa kanisa la Mtakatifu Maria, ndiyo maana mpaka leo wanaitwa Watakatifu. Wavulana walioanzisha Tottenham walilelewa na mwalimu wao wa darasa la Biblia. Manchester City, mabingwa wa juzi, walianza 1880 katika kanisa la Mtakatifu Marko, West Gorton. Mtaa ule ulikuwa wa viwanda, na vijana walipigana kwa magenge na kulewa. Binti wa kasisi, Anna Connell, alianzisha mikutano ya wanaume, na wazee wa kanisa lile wakaanzisha mchezo ili vijana wawe na pa kwenda. Manchester United si wa kanisa, walikuwa wafanyakazi wa reli, na Arsenal walikuwa wa kiwanda cha silaha. Naona raha kidogo kuwaambia hivyo wale wanaokuja kipaimara wamevaa jezi yenye picha ya shetani mwekundu.

Timu hizo za kanisa hazikucheza Jumapili. Katika viwanda, sheria na desturi ziliwapa wafanyakazi nusu siku ya Jumamosi, wakatoka kazini mchana, na mechi ikaanza alasiri. Jumapili ilikuwa ya ibada. Chama cha mpira cha Uingereza kiliwakataza watu wake hata kushiriki mpira wa Jumapili, na katazo hilo likaondolewa 1960 tu. Januari 1974, nchi ilipokosa umeme wa kutosha kwa sababu ya mgogoro wa makaa ya mawe, timu za ligi zikacheza Jumapili kwa mara ya kwanza. Hiyo ilikuwa dharura. Kilichoifanya Jumapili kuwa siku ya mpira ni televisheni. Tarehe 2 Oktoba 1983 ITV ilionyesha mechi ya ligi mubashara, Tottenham na Nottingham Forest, nayo ilikuwa Jumapili. Mwaka 1992 ligi mpya, Premier League, iliuza haki zake kwa televisheni ya satelaiti ya Sky, na mechi ya kwanza iliyoonyeshwa, Nottingham Forest na Liverpool, ilichezwa Jumapili tarehe 16 Agosti. Jumamosi alasiri ilikuwa na ua wa Bob Lord. Jumapili haikuwa na ua tena. Biashara ikapita palipo wazi.

Nimelitafakari jambo hili sana. Klabu za Waingereza zilikuwa na ua kuzilinda timu ndogo, na ua ule bado umesimama kwa sababu wenye timu wanautaka. Ua wa Jumapili ulianguka kwa sababu wengi wa waliokuwa ndani yake walikuwa wameshaondoka. Na sioni kwamba mpira uliwaondoa. Kanisa lililomtuma binti wa kasisi kwenye magenge ya Gorton lilikuwa na vijana, na kanisa lililobaki kuiomba serikali ilinde saa moja ya jioni lilikuwa limeshawapoteza.

Sisi Walutheri tuna urithi katika jambo hili, na ningependa wazee wa sharika wausome upya. Katika Katekisimo Kubwa ya 1529, akieleza amri ya tatu, Martin Luther hasemi kwamba siku moja ni takatifu kuliko nyingine kwa yenyewe. Anasema tunaishika siku ili mwili upumzike, wa watumishi pia, na ili watu wapate nafasi ya kulisikia Neno. Siku inatakaswa na Neno linalosikiwa ndani yake. Mtu aliyekaa kanisani saa tatu na hakusikia kitu hajaitakasa. Hapo inafaa kumkumbuka Eutiko, kijana wa Matendo 20, aliyesinzia dirishani wakati Paulo anahubiri mpaka usiku wa manane, akaanguka kutoka orofa ya tatu. Biblia haimlaumu kijana. Wala haimsifu Paulo kwa urefu wa mahubiri.

Na mwezi Machi 1522, Luther aliporudi Wittenberg na kukuta watu wanavunja sanamu na kulazimisha matengenezo kwa nguvu, alipanda mimbarani siku nane mfululizo kuwazuia. Alikubaliana nao kwamba mambo mengi yabadilike. Alikataa watu wasukumwe kwa amri. Neno lihubiriwe, alisema, na liachiwe lifanye kazi yake.

Wazee walinijibu kwa hoja ambayo siwezi kuipuuza, nayo ni fedha. Ligi ya Uingereza huanza Agosti, wakati hapa kwetu kahawa imevunwa na fedha zinaanza kuingia mikononi. Kijana anaingia kibandani na mkeka wake wa kubeti, anatoka umechanika, na nyumbani mama anangoja fedha ya mbolea. Nimeketi na familia za namna hiyo. Hili si jambo la Jumapili, ni la siku saba, na kufunga kibanda siku moja hakutaligusa, maana mkeka unachezwa kwa simu, hata ukiwa juu ya mti wa kahawa. Hapo kanisa lisinyamaze. Sheria ya nchi hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kubeti, na sisi tunawajua kwa majina walio chini ya umri huo, maana ndio tunaowafundisha katekisimo.

Barua kwa serikali ya kijiji haikuandikwa. Mazoezi ya kwaya yalihamishwa yakafuata mara baada ya ibada, na chakula kikapikwa, viazi na maharage, ili mtu asiseme njaa ilimtoa. Mwenye kibanda, Mkatoliki na mtu mwema, alikubali kuzima sauti za matangazo ya kubeti wakati wa mapumziko ya mechi. Mzee mmoja, mkulima wa kahawa mwenye miaka zaidi ya 70, alisema kama vijana hawatoki kibandani basi inafaa mtu mmoja wa kanisa awe anajua nani yumo ndani. Akajitolea yeye. Hulipa shilingi 500 kama wengine, na amekuwa mshabiki wa Everton, kwa sababu, anasema, ni ya Wamethodisti.

Alichagua timu yenye taabu, lakini inayofaa kwa macho. Everton walicheza katika uwanja wa Goodison Park tangu 1892 hadi timu yao ya wanaume ilipohamia uwanja mpya mwaka 2025. Katika pembe moja, kati ya majukwaa mawili, palikuwa na jengo ambalo kamera ililipitia kwa sekunde mbili au tatu kila mpira ulipokwenda upande ule. Vijana walidhani ni ghala. Ni kanisa la Mtakatifu Luka, la Waanglikana, limejengwa karibu na uwanja kiasi kwamba ukuta wake ni kama sehemu ya majukwaa. Siku za mechi waumini walifungua ukumbi wao, wakawauzia mashabiki chai na chakula kabla hawajaingia uwanjani.